Buzwagi: historia ya mgodi mmoja na neno makinikia

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 12. Jioni moja, hapa Uingereza, baba alikuwa akiongea kwa simu na baba mdogo aliyeko Kahama, na neno lililorudiwa mara kwa mara lilikuwa "mchanga". Mchanga umezuiwa bandarini. Mchanga una dhahabu. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha jikoni na cha salamu, nikadhani wanazungumzia mchanga wa pwani, kama ule tuliochezea siku tulipokwenda Bagamoyo. Sikuelewa kwa nini watu wazima wagombanie mchanga.

Nilipoombwa kuandika makala ya historia kwa ajili ya jarida letu, niliurudia mchanga ule. Niligundua kwamba haukuwa mchanga, kwamba ulikuwa na jina lake, makinikia, na kwamba sehemu yake ilitoka kwenye mgodi wa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka Kahama mjini. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ugomvi wa mwaka 2017 haukuanza bandarini Dar es Salaam. Mbegu zake zilipandwa wakati mgodi ukipangwa na kujengwa, kati ya mwaka 2007 na 2009, pale maswali fulani yalipoachwa bila majibu. Mkataba utajadiliwa wapi, na nani ataujua? Shaba itayeyushiwa wapi? Na nani atapima kilichomo?

Mpanda kabla ya Buzwagi

Tukisikia madini Tanzania tunafikiria dhahabu, almasi au tanzanaiti. Lakini katika miamba mingi dhahabu haikai peke yake. Inakaa pamoja na madini ya fedha, shaba, risasi au chuma, na mgodi wa namna hiyo una hesabu ngumu kuliko mgodi wa dhahabu tupu.

Tanganyika ya mkoloni iliwahi kuuona mgodi kama huo. Huko Mpanda, katika miaka ya 1950, ilichimbwa risasi iliyokuwa imechanganyika na shaba, madini ya fedha na dhahabu. Ili mzigo ule ufike pwani ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda. Mgodi ulidumu takriban miaka kumi, kisha ukafungwa. Reli ikabaki, na Mpanda ikawa mji. Naitaja Mpanda kwa sababu inatuonyesha jambo moja la zamani: kitu kinachobaki baada ya mgodi ni kile kilichoamuliwa mwanzoni. Bila reli ile, Mpanda ingekuwa na historia nyingine.

Baada ya mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni kufungwa mwaka 1966, uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulififia kwa miaka mingi. Walioendelea ni wachimbaji wadogo kwa sururu na karai. Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyowafungulia mlango wawekezaji wa nje kwa masharti nafuu. Ndipo ikafuata migodi mikubwa mmoja baada ya mwingine: Golden Pride huko Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, Geita mpya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002, Tulawaka mwaka 2005. Buzwagi ilikuja nyuma ya hiyo yote, na kwa hiyo ingeweza kujifunza kutokana na hiyo yote.

Mkataba uliosainiwa London

Haki za Buzwagi ziliingia mikononi mwa kampuni ya Barrick ya Kanada mwaka 2000, iliponunua kampuni ndogo ya utafutaji iliyoitwa Pangea Goldfields. Katika hatua hiyo hakuna mgodi bado. Kuna wataalamu wanaochoronga miamba, wanaotoa sampuli na kuzipeleka maabara, wanaochora ramani ya mwamba usioonekana. Baada ya hapo hufuata upembuzi yakinifu, yaani hesabu ya kujua kama kuchimba kutalipa, halafu tathmini ya athari kwa mazingira, leseni, fidia kwa wenye ardhi, na mkataba na serikali. Mgodi unaweza kuwa na miaka mingi ya makaratasi kabla ya kuwa na siku moja ya kuchimba.

Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa mwezi Februari 2007. Haukusainiwa Dodoma wala Dar es Salaam. Ulisainiwa hapa London, katika hoteli, na aliyesaini kwa niaba ya serikali ni Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Tunaoishi huku tunapita mbele ya hoteli za London kila siku bila kujua kwamba mojawapo imo katika historia ya Usukuma.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 31, aliliuliza Bunge jambo ambalo wengi walikuwa wakijiuliza. Rais Kikwete alikuwa ameahidi kuipitia upya mikataba ya madini. Kwa nini basi mkataba mpya usainiwe kabla mapitio hayajakamilika, tena nje ya nchi? Waziri alijibu kwamba taratibu zilifuatwa. Bunge likamsimamisha mbunge kwa madai kwamba amesema uongo, hadi Januari 2008.

Adhabu ile ilimpa Zitto umaarufu ambao hotuba peke yake isingempa. Mwezi Novemba 2007 Rais aliunda kamati ya kuchunguza sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto aliyekuwa amefungiwa nje ya Bunge akateuliwa kuwa mjumbe. Kazi ya kamati hiyo ilisaidia kuzaa Sheria ya Madini ya mwaka 2010.

Hapa kuna jambo la kihesabu ambalo msomaji asilipite haraka. Chini ya sheria ya 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, na ulihesabiwa baada ya kutoa gharama za kusafirisha, kuyeyusha na kusafisha. Sheria ya 2010 iliupandisha hadi asilimia 4, na ikataka uhesabiwe kwa thamani nzima kabla ya kutoa gharama hizo. Kwa mgodi unaotoa dhahabu tupu, badiliko hilo la pili si kubwa sana. Kwa mgodi unaosafirisha mzigo mzito wa makinikia kwenda kuyeyushwa ng'ambo, ni kubwa, kwa sababu gharama za njiani na za tanuri ni nyingi. Lakini Buzwagi ilikuwa na mkataba wake tayari. Ni mwaka 2012 ndipo kampuni ilipokubali kuanza kulipa kwa kiwango kipya.

Namna mgodi unavyoanza

Uchimbaji wa Buzwagi ulikuwa wa wazi. Hakuna mahandaki. Ardhi inafunuliwa kutoka juu, na shimo linashuka kwa ngazi pana kama za uwanja wa mpira, kila ngazi ikiwa na barabara ya malori. Mwamba unatobolewa, unajazwa baruti, unalipuliwa, kisha unapakiwa. Sehemu kubwa ya kinachotoka ni mawe yasiyo na faida, yanayorundikwa kando mpaka yawe vilima. Sehemu ndogo ndiyo mbale, mawe yenye madini.

Na hata hayo mbale yana dhahabu kidogo mno: gramu moja au mbili hivi kwa kila tani. Pete ya gramu 4 inaweza kuhitaji tani mbili hadi nne za mbale kusagwa, mbali na mawe taka yaliyoondolewa kwanza. Ndiyo maana mgodi wa aina hii hauwezi kuanza kidogo kidogo kama duka. Lazima mashine zote ziwepo kwa pamoja: vinu vya kusaga, umeme, mabwawa ya maji, bwawa la kuhifadhi tope lenye kemikali, barabara, nyumba za wafanyakazi. Buzwagi ilijengwa kwa takriban dola milioni 400 za Marekani, na ilianza kuzalisha mwezi Mei 2009.

Wakazi wa eneo la Mwendakulima walihama kupisha mgodi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Maneno hayo ni mepesi kuandika. Nilipomuuliza baba mdogo, ambaye anauza vipuri vya pikipiki Kahama, alinikumbusha kwamba shamba la Msukuma ni pamoja na makaburi ya wazee na miti iliyopandwa na babu, na kwamba kila kitu hicho lazima mtu fulani akiandikie bei. Alinisimulia pia neema ya miaka ile ya ujenzi: nyumba za wageni zilijaa, mama lishe waliongezeka, na mji ulikua mpaka ukawashangaza waliouzoea.

Povu, shaba na tofali

Sasa tufike kwenye shaba, maana ndiyo iliyofanya historia ya Buzwagi iwe tofauti.

Dhahabu ya kawaida hutolewa kwenye mwamba kwa maji ya sainidi. Mwamba unasagwa mpaka uwe unga, unachanganywa na maji hayo, dhahabu inayeyuka ndani yake, kisha inanaswa kwa mkaa maalumu. Lakini shaba nayo hupenda sainidi. Ikiwa mbale zina shaba nyingi, shaba hiyo huimaliza kemikali kabla dhahabu haijapata sehemu yake, na gharama hupanda. Kwa hiyo shaba lazima itolewe kwanza.

Njia inayotumika ni ya povu. Unga wa mwamba unawekwa kwenye matangi ya maji yenye dawa maalumu, na hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe zenye shaba, pamoja na dhahabu na madini ya fedha vilivyoshikamana nazo, hunata kwenye mapovu na kupanda juu. Mawe mengine huzama. Povu linaenguliwa, linakamuliwa maji, linakaushwa. Kinachobaki ni unga mweusi mzito unaofanana kweli na mchanga. Hayo ndiyo makinikia. Mabaki ya chini ndiyo yanayopelekwa kwenye sainidi ili kutoa dhahabu iliyosalia, ambayo huyeyushwa hapohapo mgodini kuwa matofali.

Kwa hiyo Buzwagi ilikuwa na milango miwili ya kutokea dhahabu. Mlango wa kwanza ulikuwa tofali, kitu ambacho mtu yeyote anakielewa: unaliona, unaliweka kwenye mizani. Mlango wa pili ulikuwa kontena la unga uliochanganyika, ambalo haliwezi kueleweka kwa macho. Lazima uchukue sampuli, uipeleke maabara, na uiamini maabara hiyo. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulio katika wilaya hiyohiyo ya Kahama wakati ule, ulikuwa na milango hiyo miwili pia.

Makontena yalisafiri karibu kilomita 1,000 kwa barabara hadi Dar es Salaam, kisha kwa meli hadi kwenye matanuri ya nchi kama Japani, China na Ujerumani. Kwa nini tanuri halikujengwa nchini? Jibu lililotolewa siku zote ni kwamba tanuri la shaba linahitaji umeme mwingi na mzigo mkubwa usiokatika, na kwamba makinikia ya migodi miwili hayatoshi kulilisha. Sina sababu ya kusema jibu hilo ni la uongo. Ila ni jibu la mwenye mgodi mmoja mmoja. Swali la nchi ni pana zaidi: je, migodi yote ya ukanda mzima ikipangwa pamoja, hesabu ingekuwaje? Swali hilo ndilo lilipaswa kuulizwa kabla ya mwaka 2009.

Na mizani je? Serikali ilianzisha Wakala wa Ukaguzi wa Madini, chombo chake cha kudumu cha kukagua uzalishaji wa migodi, mwishoni mwa mwaka 2009. Linganisha na tarehe ya mgodi: Mei 2009. Shimo lilitangulia, wakala wa kupima akafuata.

Makontena 277

Mwezi Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia nje. Makontena 277 yakakwama bandarini. Kamati ya wanasayansi chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, na tarehe 24 Mei ikatoa taarifa: kwa wastani kila kontena lilikuwa na kilo 28 za dhahabu. Nyaraka za usafirishaji zilionyesha kama kilo 4. Kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Acacia, ilikanusha na kushikilia takwimu zake. Siku hiyohiyo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliondoka madarakani. Mwezi Juni kamati ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilitoa hesabu za upande wa uchumi na sheria. Mwezi Julai kampuni ilipokea madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190, na Bunge likapitisha sheria mpya zilizopandisha mrabaha wa dhahabu, shaba na madini ya fedha hadi asilimia 6.

Kilo 28 na kilo 4. Nimezitazama namba hizi mbili kwa muda mrefu. Haziwezi kuwa sahihi zote mbili. Ni unga uleule, bandari ileile. Na bado ugomvi haukumalizwa kwenye mizani, ulimalizwa mezani. Oktoba 2017 Barrick na serikali walitangaza msingi wa makubaliano. Mwaka 2019 Barrick iliinunua Acacia yote, na Januari 2020 makubaliano yakasainiwa, safari hii Dar es Salaam. Iliundwa kampuni ya Twiga, serikali ikapata hisa za asilimia 16, faida za kiuchumi zikakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 300. Makontena nayo yakaruhusiwa kuondoka.

Wako wanaosema Tanzania ilishinda, kwa sababu asilimia 16 haikuwepo kabla. Wako wanaosema ilishindwa, kwa sababu bilioni 190 zilikuwa milioni 300. Mimi naona pande zote mbili zinahesabu fedha na kusahau jambo lililo chini yake. Nchi iliyokuwa ikisafirisha makinikia kwa miaka 16, tangu Bulyanhulu ianze, haikuwa na kipimo ambacho wananchi wake, serikali yake na mwekezaji wake wote wanakiamini. Kipimo cha namna hiyo hakiundwi wakati wa hasira. Kinawekwa siku mgodi unapowashwa, pamoja na vinu na mabwawa.

Mchanga au makinikia?

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, niruhusiwe kusema neno kuhusu neno.

Kabla ya 2017 watu wengi hawakulijua neno "makinikia". Magazeti yalisema "mchanga wa dhahabu", na mitaani ikawa "mchanga" tu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kukaza fikira na kwa kitu kilichoongezwa ukali kwa kupunguzwa maji. Kiswahili kina "makini" na "makinika", na nadhani "makinikia" yamefuata njia hiyohiyo kutoka akilini hadi kiwandani. Walimu wetu watanisahihisha nikikosea.

Jina lilikuwa na uzito. Ukiita kitu mchanga, mtu wa kawaida ataelewa moja kati ya mambo mawili: ama ni uchafu usio na thamani, na wanaolalamika wanajisumbua, ama ni udongo wa nchi unaozolewa mzimamzima na kupelekwa Ulaya, na huo ni wizi mtupu. Hakuna nafasi ya jambo la tatu, ambalo ndilo ukweli: ni bidhaa iliyosindikwa nusu, yenye thamani inayopimika, ambayo kazi yake ya mwisho inafanyika kwingine. Hoja kama hiyo haiwezi kujadiliwa na taifa zima ikiwa haina jina. Kwa mwaka mmoja, mabasi ya daladala yalizungumza metalojia, na yaliizungumza kwa Kiswahili. Hilo si jambo dogo.

Shimo lililobaki

Uchimbaji Buzwagi ulisimama, mtambo ukaendelea kusaga mawe yaliyorundikwa, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma kabisa. Umri wake wote wa uzalishaji ulikuwa kama miaka 12. Serikali imetangaza eneo hilo kuwa la viwanda, na mpango uliotangazwa ni kujenga hapo kiwanda cha kusafisha metali za mgodi wa nikeli wa Kabanga, mkoani Kagera. Ikiwa kitajengwa, Kahama itapata kile ilichokikosa wakati mgodi wake ulipokuwa hai, baada ya shaba yake yenyewe kwisha kusafirishwa.

Kabanga nayo itatoa mchanganyiko: nikeli, shaba na kobalti. Maswali ya Buzwagi yatarudi yote, na safari hii kuna wasomaji wengi wanaojua kuyauliza, kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka.

Wiki iliyopita nilimpigia baba nikamweleza kuhusu povu, mapovu na matangi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi tulisema mchanga kwa sababu hakuna aliyetueleza." Akaniomba nimtumie makala haya yakichapishwa, ampelekee na baba mdogo kule Kahama asome mwenyewe.